Je, Democritus aliijua atomu tunayoijua leo?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha tano na nimepangiwa kuongoza mdahalo. Video moja inasema Democritus, mwanafalsafa wa Kigiriki wa kale, aligundua atomu miaka 2,400 iliyopita na wanasayansi wa leo wamemnakili tu. Alijuaje bila hadubini?

JIBU: Marahaba. Hakujua, alijenga hoja, na hoja ndiyo sifa yake.

Kabla yake Parmenides, mwanafalsafa mwingine wa Kigiriki, alikuwa amewabana wenzake: kilichopo hakiwezi kutoka kwenye kisichokuwepo, wala kupotelea humo, kwa hiyo mabadiliko ni ndoto. Lakini mbegu huota na kuni huwa majivu mbele ya macho yetu. Democritus na mtangulizi wake Leucippus wakajibu kwamba vipo vipande vidogo visivyokatika, vya milele, vikienda huku na huku katika utupu. Vipande havizaliwi wala havifi. Kinachobadilika ni jinsi vinavyoshikana. Hapo ndipo uanzie mdahalo wako: wape wapinzani kitendawili cha Parmenides, wakitegue wenyewe, kisha ndipo uitaje atomu.

Wenye video hizo hulibeba neno na kuitupa hoja. Hawasemi kwamba kwa Democritus uchachu hutokana na atomu zenye pembe, na utamu na zile za mviringo. Wala kwamba “atomos” kwa Kigiriki ni kisichokatika, ilhali yetu inakatika: mwanafizikia Thomson alitambua elektroni, chembe iliyo ndani ya atomu, mwaka 1897, na mwanafizikia Rutherford akaeleza kiini cha atomu mwaka 1911. Dalton naye, mwanakemia aliyefufua wazo la atomu mwanzoni mwa karne ya 19, alitegemea uzito wa elementi zinapoungana. Tumerithi jina na wazo la jumla. Ushahidi umetafutwa upya, kwa jasho.

Ukitaka kuona Wagiriki hao wa kale walivyofikiri, weka kiganja mbele ya mdomo. Bana midomo upulize, kisha achama upumue. Pumzi ya kwanza ni baridi, ya pili ni vuguvugu. Anaximenes, mwanafalsafa wa mji wa Mileto, aliitumia tofauti hiyo kudai kwamba hewa ikibanwa hupoa, ikilegea hupata joto, na kwamba vitu vyote ni hewa iliyobanwa au kulegea. Alikosea. Hata hivyo alikupa jambo unaloweza kulipima mwenyewe, wala hakukutaka umwamini kwa jina lake.

Vitabu vya Democritus vimepotea. Yamebaki manukuu ndani ya kazi za wengine, na Aristotle, mmoja wa wanaotueleza habari zake, alikuwa mpinzani wake. Thales, mwanafalsafa wa Kigiriki aliyemtangulia, hana hata andiko moja lililobaki. Kwa hiyo ukiona picha ya mzee mwenye ndevu na maneno matamu chini yake, uliza nani aliyenukuu, na katika kitabu gani. Asiyeweza kujibu hilo hana cha kukufundisha, hata kama anauza “siri za Wagiriki” kwa bei nafuu.

Wabaya zaidi ni wanaouza tiba. Empedocles, mwanafalsafa mwingine wa Kigiriki, alitaja mizizi minne ya vitu: moto, hewa, maji na udongo. Waganga wa Kigiriki nao wakaeleza maradhi kwa majimaji manne ya mwili, na kwa karne nyingi wagonjwa wa Ulaya walitolewa damu kwa nadharia hiyo. Leo mtu akikwambia sukari yako imepanda kwa sababu “moto” umezidi mwilini, na akutake uache dawa za hospitali, ondoka hapo ukiwa bado na dawa zako mkononi.