Usimpe gari jipya jina la marehemu

Dadangu, usimlipe mtu wa stika ya jina bado. Umesema Vitz lako Zuhura liliisha kwenye ajali Mtwapa, bima imelipa, Nissan Note lako liko bandarini lasubiri kutolewa, na wataka kuliita Zuhura tena "kumuenzi." Nakuomba, usifanye hivyo. Hayo mengine uliyouliza yatangoja.

Mimi nilikuwa na Corolla 110, jina lake Subira. Miaka sita tulivuka feri pamoja asubuhi na jioni, mimi mtu wa Likoni na kazi yangu Ganjoni. Hakufa kwa ajali, aliliwa na kutu la chumvi ya bahari. Siku moja fundi aliinua zulia akabonyeza sakafu kwa kidole, kidole kikatokea nje. Tukatazamana tu. Nikamuuza kwa kilo kwa watu wa vyuma chakavu. Wanaosema nililia ni waongo, lilikuwa vumbi.

Nikanunua gari jingine, Fielder. Jioni barazani, juu ya kahawa chungu, nikasema sijapata jina. Akadakia mzee mmoja, mjuzi wa kila kitu: "Jina la chombo halizikwi, yakhe! Mimi nimekuwa nahodha. Mwite Subira, baraka zote za yule zitamwingia huyu." Nikaona amenena. Baadaye ndipo nikajua kuwa bahari yote aliyovuka huyo nahodha ni ya hapa Likoni, kwa feri, amesimama kwa miguu bure kama sisi wote. Gari hajamiliki, hata mkokoteni. Lakini hukumu akizitoa utadhani kadhi. Na mimi mjinga kesho yake nikabandika SUBIRA kioo cha mbele, herufi nyeupe, kubwa.

Sasa sikia pesa zilivyokwenda. Fundi wangu ana daftari la wateja, na haandiki namba za gari, anaandika majina tunayoyaita. Ukurasa wa Subira umejaa miaka sita: filta ya oili, plagi, pedi za breki, mafuta ya gia ATF lita nne. Mwezi wa tatu na lile Fielder niko safarini Voi, nikampigia simu: "Namtuma kijana alete Subira, mfanyie sevisi yote kama kawaida, na mafuta ya gia." Fundi mwenyewe siku hiyo alikuwa mazikoni. Akampigia mwanafunzi wake mgeni: fungua daftari, tafuta Subira, fanya yaliyoandikwa. Kijana akafanya yaliyoandikwa. Simlaumu hata kidogo.

Tatizo ni kuwa Corolla 110 langu lilikuwa na giaboksi ya otomatiki ya zamani, na Fielder hili ni CVT. Ndani ya CVT hakuna gia za kupanda moja, mbili, tatu. Kuna mkanda wa chuma uliobanwa baina ya puli mbili, na mafuta yake yametengenezwa maalumu ili mkanda ule ushike usiteleze. Ukitia ATF ya kawaida mkanda unateleza, chuma kinasaga chuma, na wewe juu unasikia mlio kama mtu anayesaga meno usingizini. Mimi niliusikia wiki mbili nikaongeza sauti ya redio. (Ndiyo, najua.) Note nyingi nazo ni CVT, kwa hivyo hili lakuhusu wewe hasa.

Likanifia feri. Lango limeshushwa, watu wamemiminika, mimi nakanyaga mafuta, injini yanguruma, gari limetulia tuli kama limetia nanga. Nyuma yangu lori la saruji lapiga honi. Wapita njia wakanionea huruma, wakanisukuma hadi juu ya kilima, kila mmoja akiisoma stika kwa sauti: "Subira, bwana! Subira!" Waswahili husema subira huvuta heri. Yangu ilivutwa kwa kamba na Probox hadi gereji.

Giaboksi ya mtumba shilingi 85,000. Ufundi 15,000. Mafuta yenyewe ya CVT, yale ambayo yangetiwa tangu mwanzo, sikutaka hata kuuliza bei. Nilikopa chamani. Na yule mzee nilipomsimulia, akasema kosa ni langu, sikuchinja kuku.

Kwa hivyo jina jipya, dadangu. Liite Embe, liite Jumanne, liite lolote, mradi si Zuhura, wala Zuhura wa Pili, maana simu ikikatika lile "wa Pili" halifiki kwa fundi. Na ukipeleka gereji, taja namba ya gari, kisha simama hapo hapo uangalie kopo linalofunguliwa.

Langu sasa naliita Deni. Ile stika nilijaribu kuikwangua kwa wembe: S na U zikatoka, wembe ukakatika. Kisha R ikabanduka yenyewe kwa jua. Kila Ijumaa nampeleka mamangu msikitini nyuma ya kioo kilichoandikwa BIA.