Muulize Mwalimu: Kilo 15 za chuma, na bado zinakupita

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi na mdogo wangu tumebishana wiki nzima mpaka tumeambiwa tukabishanie nje. Yeye ni mtu wa kukimbia, mimi nina baiskeli. Hanipati hata siku moja, na mimi si mtu wa mazoezi. Anasema baiskeli ni mashine, inaniongezea nguvu, kwa hiyo ushindi wangu ni wa wizi. Mimi nasema nguvu ni za miguu yangu, hapo hakuna injini. Ndipo akaniuliza kitu nikakosa la kusema: kama nguvu ni zile zile, na juu yake nimejitwika kilo 15 za chuma, mbona nisiwe wa mwisho? Tuamulie.
Mbishi wa magurudumu mawili

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kuhusu nguvu umepatia wewe. Lakini swali la mdogo wako ni zuri kuliko jibu lako, kwa hiyo nianze na yeye.

Baiskeli haiongezi nguvu hata chembe. Kusema kweli inakula kidogo, maana mnyororo na beringi navyo vina msuguano wake. Unachokipata juu ya baiskeli ni kuacha kupoteza anachopoteza yeye, na anapoteza kingi kuliko anavyodhani. Mtu anayekimbia anaruka, anatua, anaruka tena. Kusonga mbele kunatokea humo humo katikati ya kuruka.

Niliwahi kuwa na darasa ambalo halikukubali neno hili. Nikawatoa nje, kwenye ukuta mrefu wa nyuma ya darasa. Nikampa kijana mmoja chaki, nikamwambia abane kiwiko ubavuni, ncha ya chaki iguse ukuta, akimbie mpaka mwisho. Alipomaliza tukakuta amechora mawimbi. Tukapima kwa rula kutoka bondeni hadi kileleni: sentimita 8, lingine 7 na nusu, moja likafika 9. Kisha wakataka kuona baiskeli inachora nini, na kwa kuwa mbishi wa siku ile nilikuwa mimi, nikapanda mwenyewe. Mstari ulinyooka kama uzi uliovutwa, kwa umbali wa hatua 20 hivi, halafu hendeli ikakwaruza ukuta na somo likaishia chini. Kovu la kiwiko ninalo. Mstari ule uliendelea kuonekana pale ukutani mpaka mvua zilipouosha.

Sasa zichukue zile sentimita 8. Sijui uzito wa mdogo wako, tuseme kilo 70. Kila hatua anaunyanyua mwili wake sentimita 8, na hiyo ni kazi ya juli 55 hivi (juli ni kipimo cha nishati). Kama hatua yake ni mita moja, katika kilomita moja amepiga hatua 1,000. Zijumlishe: sentimita 8 mara 1,000 ni mita 80. Yaani kila kilomita ya uwanda tambarare, mdogo wako amepanda jengo la ghorofa zaidi ya 20, kwa mafungu madogo madogo, na kila fungu ameshuka nalo papo hapo. Hakuna mahali amefika juu.

Haipotei yote, tumtendee haki. Kano nene iliyo juu ya kisigino hujinyoosha mguu unapotua, kisha hufyatuka kama mpira na kurudisha sehemu nzuri ya nishati hiyo. Bila kano hiyo tusingekimbia mbali. Lakini iliyobaki lazima ilipwe na misuli, na msuli una tabia moja ya ajabu: hulipwa hata ukiwa unazuia tu. Unapotua, mapaja yanakaza ili magoti yasikunjike, na yanakula nishati kwa kazi ya kukuzuia usianguke. Ongeza kwamba unyayo hutua mbele kidogo ya mwili, kwa hiyo kila hatua inaanza kwa kushika breki. Ongeza na mguu wenyewe, ambao kila mara unasimama kabisa chini, kisha unarushwa mbele kwa kasi kuliko ya mwili, kisha unasimamishwa tena. Mguu wa mtu mzima si kitu chepesi. Jaribu kutupa huku na huku kitu cha uzito ule, mara 160 kwa dakika.

Wewe juu ya baiskeli umekaa. Hilo ndilo jibu, na watu hulidharau kwa sababu linaonekana la kivivu. Kiti kinabeba uzito wako, na kiti hakichoki. Kiuno chako hakipandi wala hakishuki. Gurudumu linagusa ardhi bila kuigonga, na sehemu inayogusa inabadilishana na nyingine bila kitu chochote kusimama. Ukiacha kunyonga, unaendelea kwenda. Mwambie mdogo wako aache kupiga miguu katikati ya mbio tuone anafika wapi.

Kwa mtu mwenye baiskeli ya kawaida, kwenye barabara nzuri, kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, upepo na msuguano wa tairi kwa pamoja vinadai kilojuli 13 hivi, yaani juli 13,000, kwa kila kilomita. Ni hizo tu. Kule kunyanyuka kwa mdogo wako peke yake, kabla ya kano kurudisha chochote, ni kilojuli 55. Tukihesabu kwa chakula, mtu wa kilo 70 anayekimbia anatumia kama kilokalori 70 kwa kilomita, na juu ya baiskeli anatumia kati ya robo na theluthi ya hizo. Zile kilo 15 za chuma, kwenye tambarare, zinakaa juu ya magurudumu na karibu hazidai kitu. Zinadai unapoanza kuondoka, ndiyo maana kwenye hatua chache za mwanzo mdogo wako anaweza kukuacha. Zinadai tena mlimani, nitafika huko.

Mnyororo na gia nimeviacha makusudi, maana wengi huanzia hapo wakadhani siri yote imo humo. Tarehe 12 Juni 1817 Mjerumani Karl Drais alitoka Mannheim juu ya chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, kisicho na pedali, kisicho na mnyororo. Alikaa, akawa anaisukuma ardhi kwa nyayo kama mtu anayetembea akiwa kitini. Alikwenda na kurudi, jumla kama kilomita 13, chini ya saa moja. Kiti na gurudumu peke yake vilikuwa vimeshaushinda mwendo wa miguu.

Gia inaongeza jambo la pili. Msuli una kasi yake unayoipenda: ukilazimishwa kujikunja haraka mno unapoteza kani, yaani uwezo wa kusukuma na kuvuta, ukikokotwa polepole mno chini ya mzigo mzito unachoka bila faida. Mkimbiaji hana namna ya kuchagua. Akitaka kwenda kasi lazima miguu iende kasi, na muda wa kuisukuma ardhi unazidi kupungua. Usain Bolt alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 mjini Berlin mwaka 2009 alipiga hatua 41, na kwa wakimbiaji wa namna ile unyayo hukaa chini kwa kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ndani ya muda huo mguu lazima utoe kani inayopita uzito wa mwili mara kadhaa. Hata yeye kasi yake ya kilele, kilomita 44 na kidogo kwa saa, hakuweza kuishikilia mpaka mwisho wa mita 100.

Sasa hesabu meno ya gia zako. Tuseme mbele yako 48 na nyuma 16. Ukizungusha pedali mara moja, gurudumu linazunguka mara 3. Mzingo wa tairi la kawaida ni mita 2.1 hivi, kwa hiyo mzunguko mmoja wa mguu umekupeleka mita 6.3. Zungusha mara 60 kwa dakika, polepole tu, mguu mmoja chini kila sekunde, na umefika karibu kilomita 23 kwa saa. Mwaka 2020 mkimbiaji Mwingereza Mo Farah alikimbia saa nzima bila kusimama mjini Brussels, akafikisha kilomita 21.330, na hakuna binadamu aliyekuwa amekwenda mbali kuliko hapo kwa miguu ndani ya saa moja. Wewe unayesema si mtu wa mazoezi unaweza kwenda sambamba naye huku unapiga mluzi. Mwitaliano Filippo Ganna, juu ya baiskeli, mwaka 2022 huko Grenchen, Uswisi, alikwenda kilomita 56.792 katika saa yake.

Kwa nini asifike 100? Hewa. Ukiongeza kasi mara mbili, kani ya hewa inaongezeka mara 4, na nguvu unayopaswa kuitoa kuishinda inaongezeka mara 8. Kwenye kilomita 20 kwa saa unahitaji kama wati 75. Kwenye 40 unahitaji zaidi ya 400, na watu wengi hawawezi kutoa hizo kwa dakika 5. Mkimbiaji hewa haimsumbui sana, kwa kuwa ameshamalizwa na kuruka kwake kabla haijawa tatizo. Ukitaka kuona hewa ni adui wa kiasi gani, mwaka 2018 Mmarekani Denise Mueller-Korenek aliendesha baiskeli kwa karibu kilomita 296 kwa saa kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, akiwa nyuma ya gari lililomkinga na upepo. Usijaribu.

Kwa hiyo mwambie mdogo wako kwamba wewe huibi, ila hata wewe hukujua unashinda kwa nini. Kama mliwekeana dau, mgawane.

SWALI: Mwalimu, mimi kwenye tambarare ni moto, lakini kuna mlima mmoja ambao kila siku nashuka na kukokota, na watembea kwa miguu wananicheka. Ni umri?

JIBU: Huenda na umri umo, ila mlima una hesabu yake. Mlima unaopanda mita 10 kwa kila mita 100, ukiwa kilo 70 na baiskeli kilo 15, unakuvuta nyuma kwa kani ya newtoni 83 hivi (newtoni ni kipimo cha kani). Kwenye tambarare, kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, ulikuwa unapambana na 13. Mtu anayetoa wati 150, ambazo si haba, kwenye tambarare anakwenda kilomita 26 kwa saa. Mlima ule unampeleka kama 6. Huo ni mwendo wa mtembeaji mwenye haraka, na kwa mwendo huo hata kusimamisha baiskeli isiyumbe ni kazi.

Halafu angalia kinachompata mtembea kwa miguu. Kule kunyanyuka ambako kwenye tambarare ni hasara tupu, mlimani ndiyo safari yenyewe: akijinyanyua, habari ya kurudi chini haipo. Wewe huna tena cha kuokoa, na chuma unacho mgongoni. Ukiwa na gia ndogo itumie mapema, kabla miguu haijakwama. Ukiwa huna, kokota, na wanaokucheka uwapungie mkono kwenye mteremko wa upande wa pili.

SWALI: Baiskeli yangu imekuwa nzito ghafla. Nimepaka mafuta mnyororo, wapi. Fundi anataka kubadilisha beringi zote.

JIBU: Kabla hujamlipa, bonyeza tairi kwa kidole gumba. Likibonyea kama chungwa bivu, jaza upepo. Tairi laini linajikunja kila linapogusa chini, na kila mkunjo unageuza jasho lako kuwa joto ndani ya mpira. Kisha inua gurudumu, lizungushe kwa mkono, usikilize. Likizunguka kimya kwa muda mrefu, beringi ni nzima. Likisimama upesi huku unasikia shh, shh, breki inagusa rimu.