Furaha yangu au Mungu: nilijaribu vyote viwili, akalipa mtoto

Mdogo wangu, nimesoma swali lako mara mbili. Una miaka 24, unakaa Ndosho, hapa Goma, unapiga gitaa kwenye korali. Umepata nafasi ya kwenda Kampala kujifunza ufundi wa studio, na baba yako, mzee wa kanisa, anasema ukiondoka umeichagua dunia. Ndipo ukauliza: mtu aishi kwa furaha yake au kwa imani yake kwa Mungu? Walionitangulia kukujibu wamegawanyika kama mashabiki wa mpira. Mimi sina timu. Nimekaa huku na nimekaa kule, na kote nimeharibu.

Nianze na marehemu baba yangu, katekista wa Majengo, maana ndiye mtu niliyemwona kwa macho akiishi kwa Mungu bila kelele. Nyiragongo, volkano iliyo juu ya mji wetu, ilipopasuka, Alhamisi tarehe 17 Januari 2002, nilikuwa na miaka 16. Moto ulishuka ukakata mji vipande viwili, ukafunika maduka ya katikati, ukala hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ukaingia ziwani. Tulivuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, na umati usiohesabika. Tuliporudi, mawe yalikuwa bado na joto, soli ya kambambili zangu ikawa laini kama ubani uliotafunwa. Nyumba hatukuikuta. Hata kiwanja hatukujua kinaanzia wapi. Mama alikisia tu kwa kuangalia mparachichi wa jirani uliobaki umeungua nusu.

Tukajenga kwa mbao juu ya jiwe lile lile, kama wengi walivyofanya. Baba alipata mabati ya msaada, nadhani yalikuwa 18. Sita akampelekea mjane wa jirani, mama wa Kiislamu mwenye watoto watano. Hakutangaza kanisani. Aliyabeba kichwani, akarudi, akanawa mikono, akakaa kusubiri bugali. Mvua ya kwanza ilipokuja, maji yakadondoka moja kwa moja kitandani kwao, upande wa mama. Nyumba ya mbao haina siri, kwa hiyo tulimsikia sote: "Utakatifu wako umeloanisha godoro langu!"

Baba hakubishana. Waliamka, wakabadilishana upande. Tangu usiku ule alilala na beseni la plastiki juu ya miguu yake, na alfajiri alilimwaga nje kabla ya kwenda kupiga kengele. Msimu mzima wa mvua alifanya hivyo. Ungemwonea huruma, lakini nakuambia alikoroma chini ya lile beseni, na avenyu nzima hakukuwa na mzee mcheshi kama yeye. Weka beseni hilo akilini, nitalirudia.

Sasa mimi. Niliolewa nikiwa na miaka 20, nikazaa binti mmoja. Mume wangu akaenda Walikale kwenye machimbo ya kasiterite, madini ya bati, mwanzoni akatuma pesa, baadaye akatuma salamu, halafu simu ikawa haipatikani. Rafiki akanipeleka kwenye kanisa la uamsho, la mbao na shitingi za plastiki. Jina silitaji, na mchungaji wake simtaji, sikuja hapa kugombana na mtu. Kesha Jumatano, kesha Ijumaa, kufunga Jumatatu hadi saa kumi na mbili jioni. Nikajiona nimefika. Ningeulizwa swali lako wakati ule ningejibu nimefumba macho: naishi kwa Mungu.

Siku moja mtumishi akasema kuna mama humu ndani ambaye mume wake anazuiwa njiani na roho fulani, na roho hiyo haitoki mpaka atoe mbegu, yaani sadaka, itakayomuuma. Nilikuwa na mashine ya kushonea, ya kukanyaga kwa miguu, ndiyo iliyotulisha. Nikaiuza dola 120, nikaweka zote kwenye bahasha. Niliporudi nyumbani kulikuwa na alama nne kwenye sakafu ya mbao pale miguu ya mashine ilipokuwa imesimama, na binti yangu, miaka kumi, alikaa katikati ya zile alama akicheza na vipande vya kikwembe vilivyobaki.

Wiki mbili baadaye alirudi kutoka shule saa tatu asubuhi. Amefukuzwa kwa kukosa minervali, ada ya shule. Hakulia. Alivua sare akaikunja vizuri, kwa sababu alijua sare haitahitajika kesho. Ile namna alivyoikunja ndiyo iliyonitoa kanisani, si mahubiri ya mtu yeyote.

Nilichukua miaka kukiri jambo moja: sikuwa naishi kwa Mungu. Nilikuwa nanunua mume. Ningepewa duka linalouza waume kwa mkopo nisingekanyaga kesha hata moja. Wengi wetu tunaojiita watu wa imani, ukituchunguza, tunaitafuta furaha ile ile ya watu wa baa, ila tumeilipia mlango mwingine.

Basi nikageuka. Nikasema sasa ninaishi kwa ajili yangu. Nikapata kazi kwa duka la nguo Birere, nikasuka nywele ndefu, Jumapili nikawa Himbi kando ya ziwa, sambaza za kukaanga mezani, bia baridi, na bwana mmoja mwenye gari la jipu la shirika la misaada aliyenichekesha sana. Nisidanganye, ilikuwa tamu. Watu wanaokuambia furaha hiyo ni ya uongo hawajawahi kuionja, au wameionja wakasahau. Binti nilimpeleka kwa mama yangu, "kwa muda".

Baada ya miezi nane nilienda kumwona. Nikamshika mkono kumsalimia, nikahisi kitu kigumu. Nikaufungua: mstari wa sugu umekata kiganja, pale kamba ya bidoni, dumu la maji, inapokaa. Mama alikuwa amezeeka, miguu imevimba, kwa hiyo mtoto ndiye alikuwa anachota maji ziwani Kituku, bidoni la lita 20, akifuatana na watu wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, ili asiogope njia. Nilikuwa nimevaa viatu vipya siku hiyo. Bado naona rangi yake.

Unaona nilichokiona? Nilipoishi kwa Mungu, alilipa yule mtoto. Nilipoishi kwa furaha yangu, akalipa yule yule. Tangu siku hiyo swali la "furaha au Mungu" sijui hata nilishike wapi. Mtu akiniambia anaishi kwa hiki au kile, naangalia nyumbani kwake, naangalia beseni liko juu ya miguu ya nani. La baba yangu lilikuwa juu ya miguu yake mwenyewe. Mama alipolowana alistahili kukasirika, na baba alielewa hivyo. Asingebadilisha upande, ningekuambia leo kwamba alikuwa mtu mgumu aliyegawa mabati ya mke wake.

Mmoja hapa juu kakuambia ukitaka kumwishia Mungu mwangalie Floribert Bwana Chui. Nakubali, lakini tumwangalie vizuri. Huyu alikuwa mtoto wa Goma hapa hapa, mwenye kazi ya kukagua bidhaa zinazoingia mpakani, na muda wake wa mapumziko aliutumia na watoto wa mitaani katika Shule ya Amani ya jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio. Alikataa hongo ya kupitisha vyakula vilivyoharibika. Tarehe 7 Julai 2007 akatekwa, siku mbili baadaye maiti yake ikapatikana. Alikuwa na miaka 26, miwili tu kukuzidi. Wakati huo nilikuwa na binti yangu mchanga mgongoni, na nilinunua mchele sokoni kwa vikombe kama mama yeyote. Fikiria kile chakula kingefika kwenye sahani ya nani. Angechukua pesa, sisi tungelipa kwa matumbo. Alikataa, akalipa yeye.

Alipotangazwa Mwenyeheri, hatua ya kabla ya kuitwa mtakatifu, kule Roma, tarehe 15 Juni 2025, mji wetu ulikuwa mikononi mwa waasi wa M23 tangu Januari na benki zimefungwa. Nilifuata ibada kwenye simu ya jirani, tumebanana watu sita. Nililia. Na papo hapo nilijua mimi ningeogopa, ningesaini karatasi. Kwa hiyo sikuambii uwe yeye, na mtu yeyote asikuambie hivyo akiwa amekaa kwenye kiti chake.

Kurudi kwako. Gitaa si dhambi, Kampala si Sodoma, na ufundi wa studio ni kazi. Kama ni hilo tu linalokutesa, funga mzigo. Baba yako akikuambia ubaki kwa ajili ya Mungu, muulize kwa adabu yeye mwenyewe anaweka nini mezani, maana mpaka sasa naona maisha yanayotolewa sadaka ni yako tu.

Ila kuna kitu umekiandika haraka haraka, katikati ya sentensi ndefu: kwamba pesa unazopata ukipiga gitaa harusini ndizo zinazolipa minervali ya wadogo zako wawili. Halafu hukuwataja tena. Nimewatafuta kwenye majibu yako yote 14, hawamo. Ukienda, nani anawalipia? Kama mmeshapanga na mama yako au na mjomba, sema, na mimi nitakutafutia mtu wa kukupokea Kampala, ninaye dada wa ukoo kule. Kama hamjapanga, keti nao kwanza. Wao, kabla hujakaa na mzee yeyote.

Binti yangu ana miaka 19 sasa. Mashine nyingine tuliinunua kwa likelemba, mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, tukaiweka pale pale kwenye alama nne. Kanisani haendi, na simlazimishi. Jumapili mimi naenda misa ya kwanza, yeye analala. Nikirudi nakuta bidoni zimejaa, na hajaniambia hata mara moja nani kamchotea.