Jino lililotibiwa mzizi likirudi: kwa mnaoanza kazi ya meno

Wadogo zangu mnaotoka chuoni, mgonjwa wa jino lililooza kwa mara ya kwanza mtamzoea haraka. Atakayewatoa jasho ni yule anayeketi kwenye kiti na kusema, "Daktari, hili si mlishalitibu mzizi? Mbona linauma tena?" Atasema "mlishalitibu" hata kama lilitibiwa mkoa mwingine na mtu usiyemjua. Pokea tu. Usimseme vibaya aliyetangulia, kwa sababu hukuwepo: huenda mgonjwa mwenyewe aliondoka katikati ya matibabu maumivu yalipotulia, asirudi tena.

Kabla ya kushika drili, uliza lini. Mfupa unaozunguka ncha ya mzizi hauponi kwa wiki mbili. Picha ya marudio hupigwa baada ya mwaka mmoja, na kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi kinaweza kuendelea kupungua hadi miaka 4. Kwa hiyo jino la miezi sita lisilouma, lisilovimba, ambalo kivuli chake ni kidogo kuliko cha mwanzo, liache. Nimeona meno yakifunguliwa upya kwa sababu tu daktari aliogopa picha.

Ukikuta kipele cha usaha kwenye ufizi, una bahati, maana hicho ni njia. Chukua kijiti cha gataparcha (utomvu mgumu wa kujazia mfereji wa mzizi) namba 25 au 30, kipitishe taratibu kwenye tundu la kipele mpaka kigome, kisha piga picha. Kijiti kitakwenda moja kwa moja kwenye mzizi wenye shida. Mara nyingine kinaelekea jino la jirani, ambalo hakuna aliyelifikiria.

Halafu pima ufizi kuzunguka jino zima, hatua ndogo ndogo, usiruke. Kama kipimo kinasoma milimita 2 au 3 kila mahali, halafu mahali pamoja pembamba kinazama ghafla hadi 9, shuku mzizi uliopasuka kwa urefu. Jino la mizizi kadhaa pengine litaokolewa kwa kukatwa mzizi huo mmoja. La mzizi mmoja hung'olewa. Kurudia matibabu hapo ni kumla mgonjwa pesa yake.

Kama hakuna ufa, mara nyingi kosa liko kwenye mfereji ambao haukuguswa kabisa. Gego la kwanza la juu ndilo bingwa wa kuficha. Mzizi wake wa mbele upande wa shavu, mara nyingi, una mifereji miwili, na wa pili hujificha chini ya ukingo mdogo wa dentini (tabaka gumu la ndani ya jino), kwenye mstari unaoelekea mfereji wa upande wa kaakaa. Usimalize kazi ya gego la juu kwa mifereji mitatu kabla ya kuutafuta huo wa nne. Meno ya mbele ya chini nayo yasikudanganye kwa wembamba wake: mengi yana miwili, mmoja nyuma ya mwingine, na picha ya moja kwa moja haionyeshi. Sogeza mrija wa eksirei pembeni kama nyuzi 20. Ukiona gataparcha imekaa upande mmoja wa mzizi badala ya katikati, tayari umepata jibu.

Sababu nyingine iko juu, machoni pako: kizibo cha muda kilichokaa miezi, au kofia bandia ya jino inayovuja. Mizizi inaweza kuwa imezibwa vizuri sana, mate yakashuka na vijidudu vyake, kazi yote ikarudi mwanzo. Utafiti wa Kakehashi na wenzake, Marekani, 1965, ulionyesha jambo hili kwa panya: waliofugwa bila kijidudu chochote walitobolewa meno hadi kwenye kiini, chakula kikajaa humo, na kiini bado kikapona. Kwa panya wa kawaida kilioza. Ndiyo maana bila mpira wa kutenga jino, mimi sianzi. Ukiambiwa kliniki haina, dai.

Kwenye kazi yenyewe, toa gataparcha kwa faili (kisindano cha kusugulia mfereji) pamoja na matone machache ya kiyeyusho, nusu ya juu kwanza, huku ukisafisha. Ukifika chini utaona faili ikitoka na uchafu mweusi wenye harufu. Hapo usiwe na haraka. Rudi na faili namba 10, iliyopindwa kidogo nchani, ukitafuta njia bila kusukuma. Anayesukuma ndiye anayetengeneza kingo ndani ya mzizi, na kingo hizo hugharimu kuliko maradhi. Hipokloriti, dawa ya kuoshea mfereji, imwagwe kwa sindano yenye tundu la pembeni, isibane ukutani, iishie milimita 2 au 3 kabla ya mwisho, ukisukuma kwa kidole cha shahada wala si gumba. Ikipenya nje ya mzizi, uso wa mgonjwa utavimba mbele ya macho yako.

Vidonge vya antibiotiki havibadilishi kitu ndani ya mfereji usio na damu. Viandike pale uvimbe unaposambaa au kuna homa, basi. Najua wagonjwa wanavipenda, na wengine wamevinunua dukani kabla ya kufika kwako.

Mwambie mapema, kabla hajalipa: kurudia kunafanikiwa mara nyingi ila hakuna uhakika, na kukishindikana kuna upasuaji wa ncha ya mzizi au kung'oa. Mwache achague akijua bei ya kila moja, na bei ya kofia itakayofuata. Tarehe ya marudio iandike kwenye kadi yake, na picha ile ipigwe kwa pembe ile ile ya awali, la sivyo hutajua kama kivuli kimepungua au ni mrija tu uliopinda.