Jina ninalolitoa ni Sewa Haji wa Bagamoyo

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: ni mfanyabiashara gani wa mji wenu aliyejitoa kwa ajili ya jamii, na je, anakumbukwa inavyostahili? Mimi ni mzaliwa wa Bagamoyo, na jina ninalolitoa ni Sewa Haji Paroo, aliyefariki Februari 1897. Sehemu ya pili ya swali lenu ndiyo iliyonifanya niandike kwa kirefu, maana huyu ni mtu anayetajwa kila siku na watu wengi wasiojua kwamba wanamtaja mtu.

Aliyewahi kuuguza ndugu Muhimbili, hospitali kuu ya Dar es Salaam, anazijua wodi za Sewahaji, Kibasila na Mwaisela. "Kalazwa wapi?" "Yupo Sewahaji." Nimekaa pale nje na hotipoti ya uji, nikisubiri saa ya kuona wagonjwa, nikawauliza waliokuwa karibu nami Sewahaji ni nani. Mama mmoja alisema labda alikuwa daktari wa zamani. Kijana mmoja alidhani ni jina la mtaa. Siwalaumu, kwa sababu hakuna aliyewaambia, na hata sisi wa Bagamoyo wengi wetu hatukuambiwa.

Sewa Haji alizaliwa Unguja mwaka 1851 katika ukoo wa Makhoja, Wahindi Waislamu wa madhehebu ya Ismailia, wenye asili ya Kutch, India. Baba yake, Haji Kanji, alikuwa na biashara Bagamoyo, na kijana akaingia dukani akiwa bado na umri mdogo. Kwa Bagamoyo ya wakati ule, kuwa na duka hakukuwa na maana ya kupima sukari na mafuta ya taa. Mji ule ndio uliokuwa mlango wa bara. Misafara ya kwenda Tabora na Ujiji ilitayarishwa pale, na iliyotoka huko na pembe za ndovu ilimalizia safari pale pale. Mwenye msafara alihitaji vitambaa vya merikani na kaniki, shanga za rangi zinazopendwa katika kila nchi atakayopita, nyaya za shaba, bunduki na baruti. Alihitaji pia wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja akibeba mzigo wa karibu frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, kwa safari ya miezi mitatu hivi mpaka Tabora. Nyumba ya biashara ya Sewa Haji ilikuwa inayaunganisha hayo yote: inakopesha bidhaa, inatafuta wapagazi, inafunga mizigo, inasubiri pembe zirudi. Kazi hiyo ilitaka mtu anayeaminika Unguja na anayejulikana bara, na aliyekosea hesabu ya msimu mmoja aliweza kufilisika.

Mwaka 1871 alikuja Henry Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani, akielekea kumtafuta Livingstone, mmisionari na mpelelezi wa Kizungu aliyekuwa bara. Tharia Topan, tajiri mkubwa wa Unguja, ndiye aliyemwelekeza kwa Sewa Haji ili apatiwe wapagazi. Kijana wetu alikuwa na miaka ipatayo ishirini. Stanley alimwandika vibaya sana baadaye, akimshutumu kwa hila katika hesabu za ujira na vitambaa. Nalitaja hili kwa makusudi. Sitaki kumleta Sewa Haji kwenu akiwa amesafishwa. Alikuwa mfanyabiashara mkali katika biashara kali, na huenda Stanley alikuwa na sababu ya kukasirika, ingawa naye hakuwa mtu mpole kwa wapagazi wake, na hilo ameliandika mwenyewe.

Ninachomkumbukia ni alichokifanya baada ya kutajirika. Vita vya Abushiri vya 1888 na 1889, watu wa pwani walipowapinga Wajerumani, viliujeruhi mji. Wajerumani wakashika pwani, wakaifanya Bagamoyo makao yao makuu, kisha mwaka 1891 wakahamia Dar es Salaam. Katika miaka hiyo ya mwanzo ya utawala mpya, kila mwenye mali alikuwa na sababu ya kujikunyata na kulinda chake. Sewa Haji akaiendea serikali na kuipa jengo la ghorofa Bagamoyo liwe shule. Akaweka sharti: isiwe shule ya Wahindi peke yao, watoto wa watu wote wa mji wapokelewe.

Hapo ndipo ninapomheshimu kuliko mahali pengine popote. Kutoa jengo ni jambo la tajiri yeyote anayetaka kusifiwa. Kuweka sharti la namna hiyo mbele ya dola ya kikoloni, wakati kila jamii ilikuwa inajijengea yake, lilikuwa jambo la mtu aliyekuwa amewatazama majirani zake kwa muda mrefu. Alijua kwamba utajiri wake haukutoka kwa Makhoja wenzake. Ulitoka kwenye mabega ya Wanyamwezi, kwenye kazi ya Waswahili wa pwani, kwenye majahazi ya Waarabu na Wahindi. Hii ni tafsiri yangu, sikuisoma popote. Lakini siwezi kulielewa sharti lile kwa njia nyingine.

Kisha hospitali. Alitoa fedha ijengwe Dar es Salaam, ikafunguliwa mwaka 1897 kwa jina lake, kwa ajili ya Waafrika na Waasia. Mwaka huo huo, ufukweni, Wajerumani walifungua hospitali ya Ocean Road, iliyokusudiwa Wazungu; siku hizi ndiyo taasisi yetu ya saratani. Nawaomba wasomaji wayaweke majengo hayo mawili pamoja akilini. Serikali ilijenga ya watu wake, wenyeji wa mji wakapata ya kwao kwa sababu mwenye duka wa Bagamoyo alitoa mfukoni. Hospitali ya Sewa Haji iliwahudumia watu kwa karibu miaka sitini, hadi ile mpya ya Princess Margaret ilipofunguliwa Muhimbili mwaka 1956. Baada ya uhuru jina la binti mfalme liliondolewa. La Sewa Haji lilibaki kwenye jengo la wodi, na nashukuru kwa hilo, hata kama wengi hawajui lilikotokea.

Yeye mwenyewe alifia Unguja mwaka huo wa 1897, akiwa hajafikisha miaka hamsini. Wasia wake ulielekeza mapato ya mali zake yatumike kuwatunza wagonjwa wa ukoma wa Bagamoyo na kuwapatia chakula wasiojiweza waliolazwa hospitalini. Chakula! Anayejua maisha ya wodini anajua kwamba mgonjwa asiye na ndugu wa kumletea chakula ana dhiki yake ya pekee. Hilo halionekani ukiwa umekaa ofisini. Wasia ule ni wa mtu aliyekuwa ameingia wodini akatazama, au aliyekuwa anawasikiliza walioingia.

Najua kuna msomaji atakayesema: huyo alikuwa tajiri, hakujitolea jasho, alitoa fedha tu, tena fedha za pembe za ndovu na baruti. Hoja hiyo naipokea. Ningependa sana majina ya wapagazi waliozibeba fedha hizo yajulikane pia, na inaniuma kwamba karibu yote yamepotea. Lakini huko si kumwondoa Sewa Haji kwenye kumbukumbu, ni kuwaongeza wengine. Na kuhusu kujitolea: kuna kazi ya kujadiliana na watawala, kuwaandikia, kuwasubiri, kuwashikilia kwenye sharti ambalo wangeliacha kwa furaha. Kazi hiyo haina malipo. Wanaoketi kwenye kamati za shule na bodi za zahanati katika miji midogo wanaijua vizuri kuliko mimi.

Linganisheni na Unguja. Zahanati aliyoianzisha Tharia Topan mwaka 1887, lile jengo la baraza za mbao zilizonakshiwa linalotazama bandari, hupigwa picha na kila mgeni, na waongozaji wanajua kumweleza aliyelijenga. Bagamoyo kwetu, wageni hupelekwa kwenye magofu ya Kaole, hupelekwa misheni kuonyeshwa mahali mwili wa Livingstone ulipolazwa mwaka 1874, hupelekwa kituo cha misafara. Vyote hivyo ni vyema. Lakini mtu aliyeitayarisha misafara yenyewe, akaacha shule, hospitali na wasia kwa wagonjwa wa ukoma, hutajwa kwa haraka kama hutajwa kabisa. Reli ya kutoka Dar es Salaam, iliyofika Morogoro mwaka 1907, iliinyang'anya Bagamoyo biashara yake, na nadhani kumbukumbu za wafanyabiashara wake ziliondoka kwa njia hiyo hiyo. Mji ukipungukiwa watu, hupungukiwa pia wa kusimulia.

Kwa hiyo, Mhariri, jibu langu kwa sehemu ya pili ya swali ni hapana, hakumbukwi inavyostahili, na dawa yake si ghali. Kibao chenye aya mbili za Kiswahili mlangoni mwa wodi ile, pale ndugu wa wagonjwa wanaposubiri. Somo moja kwa watoto wa Bagamoyo katika historia ya mji wao, likiwataja Sewa Haji na wapagazi kwa pamoja. Na ninyi wa gazeti mnaweza kuanza kwa kuomba wazee wa Bagamoyo na familia za wafanyabiashara wa zamani walete hati, barua na picha walizonazo kabla mchwa hawajazimaliza. Mimi niko tayari kuzunguka mitaa ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo kuzikusanya, na ninawafahamu wengine kadhaa ambao hawatakataa wakiombwa.

Msomaji wenu, Bagamoyo