Siku ya mwisho kandokando ya Ziwa Nyasa hadi Matema

Ndugu uliyeuliza kama siku ya mwisho ya safari ya miguu kutoka uwanda wa Kitulo hadi Matema, kwenye pembe ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, inaweza kutengewa saa chache tu za mchana, kwa kuwa milima imekwisha na kilichobaki ni ufukwe, nakusihi usiipange hivyo. Nimepita huko mara mbili, nikishukia ziwani kusini mwa kijiji cha Ikombe, na siku iliyonichosha zaidi ni hiyo.

Uwanda wa Kitulo uko mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, nalo Ziwa Nyasa halifiki mita 500. Unafika majini magoti yakiwa yamekwisha kulipa mteremko wa zaidi ya mita 2,000, na sweta la baridi ya huko juu Makete likiwa mzigo mtupu. Isitoshe, ufukwe wenyewe umeinama. Ukielekea Matema ziwa liko kushoto, hivyo mguu wa kushoto hukanyaga chini kuliko wa kulia saa nzima, kisha mchanga unakatika ghafla pale Milima ya Livingstone inapotumbukia majini, na njia inapanda juu ya majabali na kushuka tena.

Mara ya kwanza tuliondoka saa nne asubuhi. Tulipofika Ikombe, kijiji cha wafinyanzi wa kabila la Wakisi, mwenzangu alikuwa ameacha kabisa kuzungumza. Mama mmoja aliyekuwa akilainisha mdomo wa chungu kwa vidole vilivyolowa alitutazama, akasema, "Kaeni kivulini kwanza, wanangu," akaendelea na kazi yake bila kuondoa mkono kwenye udongo. Tulikaa karibu saa mbili. Nilinunua chungu kidogo, nikakiviringisha ndani ya lile sweta.

Usitegemee kwamba ukichoka utamalizia kwa mtumbwi, hasa kati ya Juni na Agosti, kwani upepo wa kusi husukuma mawimbi ziwa zima hadi pembe hii ya kaskazini, na mwenye mtumbwi anayekataa kuondoka usimbembeleze.

Dawa ni alfajiri. Milima iko mashariki, kwa hiyo jua huchelewa kuufikia ufukwe. Mara ya pili tuliondoka saa kumi na moja, tukapita Ikombe moshi wa chai ukiwa ndiyo kwanza unapanda, na majabali yote tuliyavuka kivulini. Jua lilitukuta kwenye mchanga wa Matema, tumekwisha vua viatu.