Maswali ya Wawindaji: Risasi Gani kwa Nyati?

SWALI: Shikamoo Mzee. Nina bunduki ya .30-06 (namba ya mbele ni kipenyo cha risasi kwa sehemu ya inchi) ambayo nimewindia swala na nyumbu kwa miaka tisa, na haijawahi kuniangusha. Mwakani nina kibali cha nyati dume mmoja, na kwa mnyama huyo .30-06 hairuhusiwi. Rafiki yangu ananisukuma ninunue .458 Winchester Magnum. Mwingine anaapa kwa .416 Rigby. Muuzaji naye ananionyesha .375 ya Holland & Holland. Mwili wangu ni mdogo, kilo 62. Nichukue ipi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Chukua .375.

Mimi nilianza na .458. Nilikuwa na miaka 27 na niliamini ukubwa wa risasi utafidia upungufu wa mkono wangu. Kabla ya kuingia porini nilikuwa nimefyatua risasi kumi na moja tu za mazoezi, kwa sababu kila nilipofyatua bega liliuma hadi kesho yake. Nyati alinipa ubavu, mita 55, mchana kweupe. Nikafumba macho kabla kifyatulio hakijaachia, na risasi ikaingia tumboni, shubiri mbili nyuma ya pale nilipolenga. Tulifuata damu na nyayo saa sita. Tulipomkuta alikuwa amesimama kwenye kichaka, kichwa chini, anahema kwa shida. Nilimmaliza pale, lakini zile saa sita sijazisahau. Risasi ile ya kwanza ilikuwa na nguvu ya kumwangusha nyati yeyote. Mnyama aliteseka kwa sababu ya uchaguzi nilioufanya dukani.

Ndiyo maana nauliza kwanza bega lako linavumilia nini. Teke la .375, yaani pigo la bunduki begani, ni kama mara mbili ya lile ulilozoea kwenye .30-06, na la .458 ni kama mara tatu. Mara mbili unaizoea kwa miezi michache ya mazoezi. Mara tatu, wengi hawaizoei; wanajifunza kuficha woga tu. Kuna jaribio ninalompa kila ninayemfundisha: geuka, mwenzako akupakilie bunduki, mara risasi halisi, mara ya bandia isiyo na baruti, nawe usijue ni ipi. Ukivuta kifyatulio kwenye ile ya bandia na mtutu ukazama, umejiona. Lifanye na .375 yako kila wiki, ukiwa umesimama na bunduki ikiwa juu ya fimbo tatu za kuegemezea, maana porini hakuna meza.

Tazama sasa unachokipata. Risasi ya .375 ilitoka 1912. Kichwa chake, kile kipande kinachoruka, cha greni 300, yaani gramu 19.4, huondoka mtutuni kwa takribani mita 770 kwa sekunde, kikiwa na nguvu ya zaidi ya jouli 5,700. Nchi kadhaa zinazoruhusu uwindaji wa nyati zimeifanya .375 kuwa kipenyo cha chini kabisa, na hazikuokota namba hiyo njiani. Kwako kuna faida nyingine: njia yake angani inafanana sana na ya .30-06 yenye kichwa cha greni 180. Macho yako yameshajua risasi inashuka kiasi gani.

Usimwone rafiki yako wa .458 kuwa hajui. Ilipotolewa mwaka 1956 ilikuwa jibu kwa wawindaji waliotaka nguvu ya bunduki kubwa za mitutu miwili ndani ya bunduki ya kawaida. Ila ganda lake ni fupi, milimita 63.5, na kichwa cha greni 500 kiliacha nafasi ndogo ya baruti. Baruti ya zamani ilishindiliwa hadi ikagandamana, na kasi ikawa haitabiriki. Jack Lott, Mmarekani, alijeruhiwa na nyati Msumbiji, na baadaye akatengeneza .458 Lott yenye ganda refu zaidi. Baruti za leo zimeiponya .458, lakini teke lake liko palepale.

Kuhusu .416 Rigby ya 1911, nakiri naipenda kuliko zote. Ganda lake kubwa lilitengenezwa kwa baruti ya kodaiti, iliyopandisha shinikizo kwenye joto kali, hivyo risasi inafanya kazi kwa shinikizo la chini na ganda tupu linatoka chemba bila kung'ang'ania. Mbele ya nyati anayekuja, hilo ni jambo kubwa. Ukishaua nyati watatu au wanne kwa .375 na bega halikulalamika, njoo tuizungumze.

Kitu ambacho hukuniuliza, na ndicho kinachonikosesha usingizi, ni kichwa cha risasi chenyewe. Watu wanabishana vipenyo mwaka mzima, halafu wananunua boksi lolote lililopo. Katika miaka ya 1940 John Nosler, mwindaji Mmarekani, alimpiga moose, yule mnyama mkubwa wa misitu ya Kanada, na vichwa vikapasuka juu ya ngozi iliyokauka tope bila kufika ndani. Kutokana na hapo alibuni kichwa chenye ukuta wa shaba katikati: sehemu ya mbele inatanuka, ya nyuma inabaki nzima na kuendelea kusukuma. Na nyati je? Naye hugaagaa topeni, na mbavu zake ni pana, zimelaliana. Kwa risasi ya kwanza tafuta kichwa cha aina hiyo, au cha shaba tupu kinachochanua, cha greni 300. Nyuma yake pakia ngumu zisizotanuka, za kumpiga akiwa anakimbia kukupa mgongo. Usianze na ngumu akiwa kundini, kwani inaweza kumpita na kumjeruhi aliyesimama nyuma yake. Lenga juu ya mguu wa mbele, theluthi ya chini ya mwili. Moyo wa nyati uko chini kuliko wengi wanavyodhani.

SWALI: Mzee, Bell, yule mwindaji wa tembo wa zamani, aliua tembo kwa risasi ya 7 mm. Kwa nini mimi nisitumie 7x57 (kipenyo milimita 7, ganda milimita 57) kwa pofu, yule swala mkubwa?

JIBU: Walter Bell aliua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa 7x57, ni kweli. Lakini alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi, alitumia vichwa vigumu, na alisogea karibu sana. Zaidi ya hayo, kichwa cha risasi yake kilikuwa kirefu na chembamba. Ukigawa uzito kwa mraba wa upana, kinakaribiana na cha .375 cha greni 300, ndiyo maana kilipenya mfupa bila kupinda. Anayeiga kipenyo chake tu, akaacha mafuvu na mwendo wa kunyata, hajamwiga Bell.

Pofu dume anaweza kufika kilo 900, ila ni mpole kuliko nyati. 7x57 yako yenye kichwa cha greni 175 kilichojengwa vizuri inamtosha ndani ya mita 150, ikiwa sheria ya unakowinda inaruhusu. Sharti akupe ubavu. Akigeuka akakupa mgongo, ondoa kidole kwenye kifyatulio, usubiri ageuke tena.